Gari la Watu Wanne

Kambi ya Dzaleka, Malawi, tarehe 30 Novemba

Yakubu,

Leo mvua ya kweli imenyesha, na bati limevuja palepale uliposema litavuja, juu ya gunia la unga. Nimesogeza gunia, nimetega sufuria. Kisha nimekaa, kwa sababu mjane aliye edani hana mahali pa kwenda. Mama Maimouna, aliyehamia humu tangu msiba ili nisikae peke yangu, anasema heri nisome Kurani kuliko kuandika. Ninasoma pia. Lakini kuna mambo ambayo nimezoea kukwambia wewe.

Simu yako haijanyamaza. Ilipolia siku ya msiba, wanawake bado wamejaa mkekani, nilitaka kuitupa chooni. Nikaipokea. Mama mmoja alitaka kumpeleka mtoto Lilongwe kwa daktari wa macho. Nikamjibu, "Mkanthama atakupitia asubuhi, kaa mlangoni." Sijui sauti ile niliitoa wapi. Tangu siku hiyo kazi yako ni yangu. Watu wanapiga, nami nawaunganisha: nani anakwenda hospitali, nani anarudi, nani anakaa karibu na nani. Mkanthama anabaki na gari lake na usukani wake. Mmalawi yule analia kila akifika hapa, nami ndiye ninayembembeleza.

Watu wanne, kama ulivyotaka. Sienta yake ina nafasi ya abiria sita, lakini wewe ulisema anayetoka kwenye mashine ya hospitali anahitaji kulala. Bado ni wanne.

2 Desemba

Nitakuandikia jambo lisilo zuri. Leo ni Jumanne, na Gertrude amepiga.

Unamkumbuka vizuri kuliko mimi: fundi cherehani wa Bukavu, yule ambaye figo zake zimekufa, anayesafishwa damu kwa mashine Lilongwe kila Jumanne na Ijumaa. Siku ile gari lilikuwa limejaa, naye alikuwa hawezi kukaa wima. Ukashuka ili alale mahali pako. Ukapanda matola, lori dogo lililojaa saruji na watu juu ya saruji, na lilipofika Lumbadzi likapinduka. Yeye alifika nyumbani.

"Allô, Maman Sumaya? Ni mi Gertrude."

"Gari itakuja."

"Aksanti. Nilitaka kukuambia..."

Nimekata simu. Gari limekwenda kumchukua mlangoni kwake na limemrudisha. Nimefanya kazi. Hiyo tu ndiyo naweza kumpa.

6 Desemba

Ngumbi, kumbikumbi wa huku, wameruka. Mama Maimouna amekaanga bakuli zima, akala peke yake, akanilaumu kwamba sili.

11 Desemba

Mdogo wako Chabani amekuja na sukari na habari. Kabla ya kukaa alipanda juu akaziba bati. Nilimsikia akipiga misumari huku akiimba, na sauti yake kwa nyuma ya ukuta ni yako kabisa, mpaka Mama Maimouna akanitazama na kunishika mkono. Mungu ambariki. Tangu mkewe arudi kwetu Kindu, Kongo, na kukaa hukohuko, amekuwa kama mtu anayetafuta nyumba ya kuitengeneza.

Habari ni hii. Serikali inatengeneza sheria ya magari yanayoitwa kwa simu na kuchangiwa na abiria. Imetangazwa redioni, na kipaza sauti cha kambi kimerudia. Gari likaguliwe. Abiria wasizidi viti. Vituo vijulikane. Kila huduma iwe na mwendeshaji mmoja mwenye jina, atakayejibu likitokea jambo. Na mtu asipakiwe juu ya mzigo.

"Watatukamata wote," akasema Chabani. "Serikali ikikumbuka mukimbizi, ujue inakuja kumunyanganya kitu."

Mimi nililia, Yakubu, na haikuwa kwa hofu. Ingetangulia kidogo tu, ungekuwa hapa unatafuta kiatu chako cha kushoto. Nikamwambia, "Hii sheria ni nzuri. Tutajiandikisha."

"Wewe na nani?"

"Mimi na simu ya kaka yako."

Akacheka kwa upole. "Shemeji, simu haiendi ofisini."

19 Desemba

Mvua. Gari lilikwama penye bonde. Abiria wote wanne walikuwa wagonjwa, kwa hiyo Mkanthama alisukuma peke yake huku nabii mmoja wa barabarani akimwombea.

6 Januari

Gertrude amekuja mwenyewe.

Alitoka kwenye mashine, akamwomba Mkanthama amshushe hapa kabla ya kwao. Aliingia akishika ukuta. Mkono wake wenye mshipa wa mashine umevimba kama wa mtu mwingine. Alileta gauni jeupe alilonishonea la eda, akaliweka mkekani, akabaki amesimama.

"Kaa," nikasema.

"Nilitaka kuja zamani. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Uniulize kwa nini mi niko muzima."

Swali hilo lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Mama Maimouna akajifanya anatafuta kikombe.

Gertrude akasema, "Unajua alisema nini akishuka? Mi nilimuambia, papa, kaa, tutabanana. Akasema, 'Lala, dada yangu. Mi nitapata upepo huko juu.' Akanifungia mlango yeye mwenyewe. Akaufunga mara mbili, sababu ule mlango haushikaki vizuri."

Mlango ule! Ulikuwa unaufunga mara mbili hata kama umeshika mara ya kwanza. Nilicheka, Yakubu. Nilicheka katika eda yako mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka, na Mama Maimouna akatuambia tunyamaze, watu wako njiani.

Gauni limenitosha mabegani. Hajanipima. Anasema anampimaga mtu kwa sauti yake ya simu.

9 Januari

Ijumaa. Nimempigia mimi kabla hajanipigia.

16 Januari

Sasa Gertrude hupita hapa kila akirudi. Anakuwa amechoka, analala mkekani huku akinisimulia mambo ya Bukavu: mteremko wa kwao, baba yake aliyekuwa karani, jinsi walivyokuwa wakinunua samaki wadogo kwa kikombe. Mimi namsimulia Kindu na mto. Nimemweleza ulivyokuwa ukichoma mkate juu ya makaa mpaka uungue upande mmoja, na kula upande ule kwanza. Akasema, "Bwana wangu alikuwa wa vile na mayai." Sikuwahi kujua kwamba na yeye ni mjane. Miezi yote hiyo namtumia gari, sikuwa nimemuuliza.

21 Januari

Sheria imetoka. Kujiandikisha kunafungwa mwisho wa mwezi huu, na dirisha halitafunguliwa tena mpaka mwakani. Mwendeshaji lazima afike mwenyewe ofisini Lilongwe, pamoja na mwenye gari. Eda yangu inaisha baada ya Idi.

Nimemtuma Mama Maimouna kwa Maalim Idrissa. Maalim alikuja akasimama nje ya pazia, na jibu lake lilikuwa fupi. "Mjane hutoka mchana kwa haja, na anarudi kulala kwake. Hii ni haja."

Alipoondoka, Mama Maimouna alikung'uta mkeka kama vile maneno yameumwagia uchafu.

"Maalim iko sawa. Lakini Maalim haendi kuchota maji na banamuke ba Kindu. Bataona muke wa Yakubu anapanda gari, anaenda kwa serikali, Capital Hill, na kaburi iko mubichi. Batasema nini?"

"Watasema nilikwenda kuandikisha kazi ya mume wangu."

"Batasema ulienda kutafuta mwingine."

Chabani alikuwa mlangoni anasikia. Akaingia akakaa chini, si kwenye kiti, akaongea kwa heshima.

"Shemeji, kaa. Mi njo nitaenda na Mkanthama. Jina ya kaka haitaanguka. We ulinde eda yake, mi nilinde kazi yake. Kuna ubaya gani?"

Sikuona ubaya. Nilimwona aliyeziba bati.

29 Januari

Wamekwenda asubuhi. Nimempa Chabani simu. Ofisi hupiga namba ya huduma palepale ili kuthibitisha, na laini yako bado ina jina lako, jina la marehemu, kwa hiyo lazima ibadilishwe. Nilimwambia: "Waambie watu wanne. Waambie tunachukua mlangoni. Waombe waandike mwendeshaji ni Sumaya, mjane, yuko edani, atakuja akitoka." Alirudia kila neno kama mtoto wa madrasa.

Nyumba bila simu yako imenyamaza vibaya. Nilikuwa sijui kwamba ilikuwa inanisaidia kutolia.

30 Januari

Chabani amesema mambo yamekwisha, tumepita. Nikamshukuru, nikamnyooshea mkono nipewe simu.

"Ah, simu," akasema. "Shemeji, wanasema namba inakaa kwa mwendeshaji."

"Ndiyo. Nipe."

"Haukuwa pale. Walitaka muntu aliye mbele yao. Wakaandika mi." Akaangalia miguu yake. "Ni karatasi tu. Kazi ni ya nyumba."

Nikasema sawa. Nimelala nikiwaza kwamba ni karatasi tu.

3 Februari

Jumanne. Gari halikwenda kwa Gertrude. Alimpigia Chabani, akaambiwa kituo ni sokoni, ajitahidi.

7 Februari

Jana alijitahidi. Majirani walimshika kwapa mpaka sokoni, kwenye matope. Gari lilikuwa pale na watu watatu. Chabani alikuwa amesimama na kitambulisho kipya shingoni, akasema haliondoki mpaka lijae. Lilijaa baadaye sana. Gertrude alipofika hospitali mashine yake ilikuwa imeshapewa mwingine. Hakuna aliyekosea huko; mashine ni chache na wagonjwa hawaishi. Walimwambia angoje kesho yake, akalala kwenye benchi na viatu vyake chini ya kichwa.

Haya yote kanieleza Mkanthama. Gertrude mwenyewe hakupita hapa.

9 Februari

Mkanthama amekuja tena, amevua kofia, hataki chai.

"Mayi, pepani, unisamehe. Mimi nilifikiri wewe unajua."

"Ninajua nini?"

Kiswahili chake unakijua, amekiokota humu kambini kipande kwa kipande, lakini leo kilitosha. Ofisini kulikuwa na madaraja mawili. La kwanza ni la kuitwa mlangoni: abiria wanne, hakuna kituo, gari linakwenda mtu aliko. Kama vile waliliandika kwa ajili yako, Yakubu. La pili ni la njia: viti vyote, vituo vilivyotajwa, na kusimama penginepo ni kosa. Mwanamke wa ofisini aliyaeleza taratibu, akamuuliza Chabani, "Ninyi mnafanya ipi?"

"Akasema ya pili," akasema Mkanthama. "Mimi nikamwangalia. Akaniambia kwa Chichewa, mayi amekubali, hali imebadilika. Nikaweka sahihi ya gari. Mayi, mimi nina watoto. Ijumaa nilitaka kupita kwa Gertrude, akasema nikisimama mlangoni kwa mtu ataniripoti yeye mwenyewe, kibali kiende."

Alipokwenda nilikaa na kikombe chake kilichojaa. Nilikuwa nimejiandaa kuichukia sheria. Ingekuwa rahisi, kila mtu hapa anaichukia tayari. Lakini sheria iliuliza swali zuri, na aliyejibu ni mtu wa nyumbani kwetu, mwenye sauti yako.

11 Februari

Nimemwita Chabani. Amekaa kwenye kiti.

"Ulisema wanne. Ulirudia mbele yangu."

"Nilirudia."

"Kwa nini?"

Hakukana, na hilo ndilo limeniumiza. Alikuwa ametulia kama mtu aliyekwisha kufikiri.

"Shemeji, bagonjwa habajazi gari. Kaka alitembea na kiti mbili wazi miaka yote, ili muntu alale. Alale! Na yeye akaenda kufa juu ya saruji. Nani alimulalisha yeye? Hao banne bake ilimupa nini?"

"Usimtukane."

"Simutukani. Mi njo nilimuosha. Wewe ulimwona akiwa ameshavikwa sanda. Mi niliona kichwa."

Ni kweli, alikuosha. Nilimwona analia, Yakubu, mwanaume mzima, machozi yanamfika kwenye kitambulisho cha gari, na hapohapo nikamchukia vizuri, kwa moyo wote. Sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu kwa wakati mmoja.

"Ongeza daraja la kwanza," nikamwambia. "Siku za Gertrude tu."

"Dirisha imefungwa."

"Uliza."

Akasimama. "Eda ikiisha, tutaongea mambo ya hii nyumba."

Alisema polepole. Mama Maimouna alisikia. Alishusha macho, na mdomoni alikuwa na kitu kama tabasamu.

17 Februari

Leo nimetoka.

Mvua ya mawe ilipiga alfajiri. Nilijua ni Jumanne na nilijua Gertrude hatapata wa kumshika, kwa sababu jirani zake wamechoka. Nikavaa gauni lake jeupe. Mama Maimouna alisimama mlangoni na mikono amepanua.

"Sumaya, unaenda wapi?"

"Kwa haja."

"Bantu iko bombani."

"Waache wachote maji."

Walikuwepo wote. Niliwasalimu, wakaitikia kwa midomo, na nyuma yangu nikasikia, "Njo huyo, mujane wa kutembea." Mwingine akasema, "Aende, labda huko Lilongwe iko mupya." Wakacheka. Ni wanawake walionishika kichwa siku ya mazishi yako.

Gertrude alikuwa amekaa kizingitini, uso umejaa maji, macho yamekuwa madogo. Nilimtafutia kabaza, baiskeli ya kubebea abiria. Kijana wa baiskeli alisema mama huyu ataanguka, nikamwambia mimi nitatembea kando nimshike. Tukaenda hivyo, baiskeli inasukumwa, mkono wangu mgongoni kwake, matope mpaka kwenye mashavu ya miguu. Njiani akaniambia, "Tunafanana na bibi arusi wawili," kwa ajili ya gauni lililochafuka. Hata akiwa vile anatania.

Sokoni Chabani aliniona. Alishtuka, akavua kitambulisho, akakivaa tena.

"Shemeji! Katika eda?"

"Mpe kiti cha mbele."

"Kiti ya mbele iko na muntu."

Aliyekuwa mbele, kijana mwenye viatu vyeupe, alisikia, akatazama upande wa pili. Gertrude aliingia nyuma, katikati ya watu wawili na ndoo ya dagaa. Hakukuwa na mahali pa kuweka mkono wake ule. Aliushika juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Gari likangoja. Tulingoja wote. Kila nikitazama kupitia kioo cha gari, mkono bado uko juu.

Nilipofika nyumbani Mama Maimouna alikuwa amefunga vitu vyake. Hakuhama, lakini alivifunga ili nione.

19 Februari

Ramadhani imeingia, tumefunga. Sina la kuandika.

26 Februari

Nimetumia simu ya Mkanthama kupiga ofisi ile. Mwanamke alikuwa mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Anayejiandikisha upya angoje mwakani. Lakini mwendeshaji aliyekwisha kuandikwa anaweza kuongeza daraja la mlangoni siku yoyote, ni kufika na kutia sahihi. "Mwambie mwendeshaji wenu aje," akasema. "Ni jambo dogo."

Nikamshukuru kwa Chichewa, zikomo.

6 Machi

Gertrude hakwenda mara hii wala mara iliyopita. Anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Anasema mahindi yake nyuma ya nyumba yameanza kuwa na maziwa, na angependa kuyala. Hivyo tu.

13 Machi

Majirani walichangia wakamkodia gari, amesafishwa. Amerudi na uso wake. Hawawezi kila mara, wamesema wazi.

Mama Maimouna ameleta uji wa futari na maneno.

"Mi sisemi kitu, eda iko. Mi nasema tu kwamba muntu muzuri anaweza kuwa karibu."

"Mtu gani?"

"Sijataja muntu."

"Basi usimtaje."

"Bagonjwa banapiga ile simu, banauliza, 'Sumaya iko wapi?' Bakisikia sauti ya mwanaume, banakata. Gari inatembea nusu wazi. Yeye mwenyewe anasema, bila shemeji, bantu habaniamini." Akakoroga uji uliokwisha kukorogwa. "Nasema tu."

Kwa hiyo ananihitaji. Nimekaa na neno hilo tangu futari.

21 Machi

Idi. Nimepika pilau kidogo kwa ajili ya watoto wa jirani. Sikujua nimfungie nani upande wa kuungua.

24 Machi

Eda imeisha. Mama Maimouna amenimwagia maji, amenipaka mafuta, ameniombea, na ameondoka na vitu vyake. Nilikwenda kaburini kwako. Nyasi ni ndefu kuliko nilivyofikiri. Nilizing'oa, zikanikata vidole, nikaona ni haki.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Gertrude nikamwambia ninalofikiria kufanya. Akageukia ukutani.

26 Machi

Chabani amekuja na Maalim Idrissa na wazee wawili wa Kindu. Ameposa kwa adabu. Alivaa shati la kupigwa pasi. Wazee walisema nyumba ya marehemu isivunjike, jina lisipotee, na mambo mengine ambayo wazee husema. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

Maalim akauliza, kama inavyotakiwa, "Sumaya, ukikubali, mahari yako ni nini?"

Mama Maimouna, aliyerudi mbio kwa ajili ya siku hii, alinong'ona, "Kitanda. Na vitenge."

Nikasema, "Gari la watu wanne."

Mzee mmoja akauliza, "Anataka gari?"

"Sitaki gari. Nataka mwendeshaji aende Lilongwe aandike daraja la mlangoni, Jumanne na Ijumaa, abiria wanne, na simu irudi mkononi mwangu. Hiyo ndiyo mahari."

Chabani akacheka, lakini haikutoka vizuri. "Shemeji, unaolewa na mi ao na Sienta?"

"Maalim ameniuliza mahari. Hajaniuliza moyo."

Wazee wakakohoa. Maalim hakukohoa, namheshimu kwa hilo. Kisha akasema kwamba kitu chenye faida kinaweza kuwa mahari, na mahari ikishatolewa ni mali ya mwanamke, haichukuliwi tena, hata talaka ikija. Akauliza, "Inatolewa kabla au baada?"

"Kabla."

"Chabani, umesikia?"

Niliona kivuli chake kwenye pazia kikiinamisha kichwa. "Nimesikia."

Na akasema jambo lingine, kwa sauti ndogo, wazee wakiwa wameshainuka. "Ungeniomba tu, Sumaya."

Tarehe kumi na moja Februari nilimwomba, na iko hapa nyuma.

31 Machi

Chabani alikwenda ofisini jana. Leo asubuhi Mkanthama alisimama mlangoni kwa Gertrude, akashuka, akamfungulia. Nilikuwepo. Gertrude alitoka amevaa kilemba, akaangalia gari, akaniangalia mimi.

"Nani alikuomba, Sumaya?"

"Hakuna."

"Mi nilikuwa nimeshaanza kuzoea kufa. Sasa unataka nianze tena kuzoea kuishi, na hiyo kuishi iko juu ya mugongo yako."

"Panda, Gertrude."

"Bwana yako alinipa kiti, akakufa. Wewe unanipa nini? Kila mara nikipanda hii gari kuna muntu wa nyumba yenu anashuka."

"Panda. Mashine inangoja."

Alipanda. Alilala, maana nafasi ipo. Hakunipungia mkono, na gari likaondoka.

2 Aprili

Yakubu,

Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitaolewa na mdogo wako. Gertrude hatakuja. Kwao ni Ijumaa Kuu, tena ni siku ya mashine, na hata pasingekuwa na hayo asingekuja. Wanawake wa bombani watakuja wote, watapiga vigelegele, watasema walijua.

Chabani si mtu mwovu. Nimeliandika hilo ili nilisome mwenyewe. Atanilisha, ataziba bati, ataimba kwa sauti yako nyuma ya ukuta, na mimi itanibidi nijifunze kutoinua kichwa nikisikia. Simu iko hapa pajani. Leo wamepiga watu wengi, na waliposikia ni mimi walisema alhamdulillahi, walisema Mungu asifiwe, kila mtu kwa dini yake, wala hakuna aliyeuliza imerudije.

Mke wa mtu haandikii mwanaume mwingine, kwa hiyo hapa ndipo ninapoachia. Sikuombi unisamehe, sioni nilipokukosea. Sikuombi unielewe, ulikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko mtu yeyote niliyemjua. Huko uliko, ukiulizwa mke wako alikuwa nani, taja jina langu.

Unikumbuke.

Sumaya